Bukari Hauliwi Mkavu: Jumamosi Moja Katika Bustani za Lubumbashi

Mgeni afikapo Lubumbashi, jambo la kwanza aonyeshwalo ni bomba kubwa la tanuru la kale, pamoja na kilima cheusi cha mabaki ya shaba kilicho kando yake. Wenyeji hujivunia vitu hivyo viwili, wala si ajabu, kwa maana mji wao ulizaliwa kwa shaba. Reli ilifika hapa mwaka 1910; mwaka uliofuata, 1911, shaba ya kwanza ilimiminwa; na mji ukaitwa Elisabethville hata mwaka 1966, ulipopewa jina la mto wake mdogo, Lubumbashi. Leo ni mji wa watu zaidi ya milioni mbili, na bomba lile bado lasimama kama kidole kinachoonyesha mbingu.

Lakini mtu hali shaba. Mgeni akiniuliza mimi, "Mwalimu, mji huu waishi kwa nini?", simpeleki kwenye bomba. Namwambia alale mapema, avae nguo nzito, na kabla ya jua kuchomoza anifuate mpaka soko la Kenya. Msomaji asidhani nazungumza habari za nchi ya Kenya. Kenya yetu ni mojawapo ya sehemu saba za mji huu, pamoja na Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi, Annexe na sehemu iitwayo Lubumbashi yenyewe. Huko ndiko nilikowapeleka wanafunzi wangu Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, na sababu yake ni hii.

Sababu ya safari yetu

Nilikuwa nimewapa wanafunzi insha ya kuandika, yenye kichwa "Kazi ya Wazazi Wangu". Mvulana mmoja, mwenye akili na adabu, aliandika ya kuwa mama yake ni mfanyabiashara, kisha akaandika mistari minne tu. Nilipomwuliza ni biashara gani, aliinamisha kichwa. Mwenzake wa nyuma akajibu kwa sauti ya chini, "Anauza lengalenga." Darasa zima likacheka.

Sikuwapiga wala sikuwakemea sana. Niliwauliza neno moja tu: "Ni nani kati yenu ambaye jana usiku alikula bukari mkavu?" Hakuna aliyenyosha mkono. Nikawauliza tena, "Basi, mboga ile mliyoilia ilitoka wapi?" Wakanyamaza. Ndipo nilipotambua kwamba wanafunzi wangu waweza kutaja mito ya Ulaya na miji yake mikuu, lakini hawajui majani wanayokula yamepandwa na nani, yamemwagiliwa maji gani, na yamegharimu usingizi wa usiku ngapi. Nilikwenda kwa mama wa kijana yule kuomba ruhusa. Akacheka, akasema, "Baba mwalimu, walete. Lakini waambie waje na viatu vya matope."

Alfajiri sokoni

Mwezi wa Juni ni katikati ya kipwa, ndiyo majira yetu ya ukavu, yanayoanza karibu na mwezi wa Mei hata mvua zirudi mwisho wa mwaka. Mji wetu uko juu, yapata meta 1,200 na zaidi juu ya bahari, na asubuhi za Juni baridi yake huuma masikio. Tulikuta mama wengi wamekwisha kufika, wamejifunga vitenge mabegani, na vichwani wamebeba marobota ya majani mabichi ambayo umande ulikuwa bado ukidondoka. Wengine walileta mizigo kwa baiskeli. Mboga zilifunika magurudumu, ukaona kana kwamba kichaka kinatembea chenyewe njiani.

Niliwaagiza wanafunzi waandike jina la kila mboga waliyoiona. Hesabu yao ilinifurahisha. Wa kwanza aliandika sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo wasomaji wetu wa Tanzania huyaita kisamvu, na ndugu zetu wa Kinshasa huyaita pondu. Wa pili aliandika matembele, majani ya viazi vitamu, ambayo jina lake ni lile lile huku na pwani. Wakafuata lengalenga, ndiyo mchicha wa watu wa mashariki. Majani ya maboga, ambayo Wabemba huyaita chibwabwa. Majani ya kunde. Ngai-ngai yenye ukali wa kupendeza kama ndimu. Bamia na bilinganya. Kabichi ya Kichina, inayokua upesi na kupendwa na wakulima wa mji. Vitunguu, nyanya na pilipili. Pembeni aliketi bibi mmoja na vikapu vya uyoga uliokaushwa, akiba ya miezi ya mvua.

Juu ya uyoga naomba niseme kidogo, kwa kuwa ni fahari ya nchi yetu. Misitu ya miombo ya Katanga na ya Zambia huzaa uyoga wa namna nyingi sana. Mmoja wao huota juu ya vichuguu, kwa kuwa mchwa wenyewe huulima ndani ya nyumba zao. Kofia yake yaweza kufika karibu meta moja kwa upana, na wataalamu wanauhesabu kuwa mkubwa kuliko uyoga wote uliwao duniani. Uyoga mmoja kama huo watosha jamaa nzima. Lakini sharti ni moja: asiyeujua asiuchume. Uko uyoga unaoua, na sura yake yaweza kufanana na ule mwema. Bibi yule aliwaambia wanafunzi, "Mimi nilifundishwa na mama yangu, naye na mama yake. Nisioufahamu naupita, hata nikiwa na njaa."

Karibu naye waliuza pia kikanda, ambacho mgeni hukidhania kipande cha nyama. La, ni chakula cha viazi vidogo vya okidi za porini. Hukaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo, kisha vikapikwa mpaka vishikamane na kukatwa kwa kisu. Ni kitamu, nami sikatai nikikaribishwa. Walakini kila kiazi kimoja ni ua moja lililong'olewa. Walaji wamekuwa wengi hata maua hayo yamekuwa haba, na biashara yake imefika mpaka Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, ambako viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi ili viuzwe Zambia. Huko, mwaka 2005, uwanda wa Kitulo wenye maua mengi ulifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Tule basi kwa kiasi, maana msitu nao ni ghala, na ghala lisilotiwa kitu hatimaye huwa tupu.

Tangu posho hata jembe

Wanafunzi waliniuliza kwa nini watu wa mji wenye migodi walime bustani. Swali hilo lafaa kujibiwa kwa historia.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwakusanya watu kutoka mbali ili wafanye kazi katika migodi yake. Iliwapa nyumba kambini na posho ya unga na vyakula vingine. Mtu aliyezoea posho husahau jembe polepole. Chakula chake hutoka katika gunia la kampuni. Mwaka 1967 mali hiyo ikawa ya serikali, na baadaye tukaijua kampuni mpya kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, na wazee wa mji bado wasimulia siku hizo za unga tele.

Kisha yakaja mabaya. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ukaharibu miji mingi ya nchi. Kazi ikafifia, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha za mara moja. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuzeeka kazini. Ndipo wake zao waliposhika jembe. Aliyekuwa na kiwanja alilima kiwanja. Asiye nacho alikwenda bondeni. Tangu mwaka 2000 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa msaada wa Ubelgiji, nalo lilianza kusaidia bustani za mboga katika miji ya Kongo, na Lubumbashi ilikuwa mmojawapo. Kwa hiyo lengalenga lile lililochekwa darasani ndilo lililowalisha wengi wakati gunia la kampuni lilipokuwa tupu.

Wamisionari wetu nao hawakudharau bustani. Wabenedikto kutoka abasia ya Mtakatifu Andrea huko Bruges walifika Katanga mwaka 1910, na Wasalesiani wa Don Bosko mwaka 1911, hao wakaanzisha misioni ya Kafubu nje ya mji. Tena yafaa kukumbuka kwamba Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 39 ya Kanuni yake, awapa watawa vyakula viwili vilivyopikwa, na kama yapo matunda au mboga changa, basi yaongezwe kuwa cha tatu. Mboga changa ilikuwa furaha ya meza ya watakatifu, ya nini sisi tuionee haya?

Katika dembo

Kutoka sokoni tulitembea mpaka bonde moja la nje ya mji. Mabonde haya yenye majani na unyevu tunayaita dembo. Wakati wa mvua hujaa maji. Wakati wa kipwa, nchi nzima ikiwa rangi ya majivu, dembo hubaki kijani.

"Tumsifu Yezu Kristu!" wakasema wanafunzi.

"Milele na milele!" akajibu mama wa kijana yetu, huku ameinama. "Karibuni, watoto wangu. Msikanyage matuta."

Matuta yake yalikuwa yamenyoshwa kwa kamba. Kati yao alikuwa amechimba kisima kifupi, na kutoka hapo alichota maji asubuhi na jioni kwa makopo mawili ya kumwagilia. Kila mwanafunzi alijaribu kubeba makopo hayo mawili yakiwa yamejaa. Wengi walichoka kabla ya kumaliza tuta la tatu. Yeye huwa na matuta ishirini na manne.

Alitueleza kazi yake kwa utaratibu kama mwalimu hodari. Mbegu ya lengalenga ni ndogo kama vumbi, basi huchanganywa na mchanga ili isianguke mahali pamoja. Baada ya majuma matatu au manne mboga iko tayari. Matembele hayapandwi kwa mbegu, bali kwa vipande vya mtambaa wake, na ukiyachuma vizuri huchipuka tena na tena. Samadi ya kuku huwekwa kwanza ioze, kwa maana ikiwa mbichi huunguza mizizi. Wanawake wa sokoni hawanunui fungu shambani. Hununua tuta zima likiwa bado limesimama, kisha huvuna wenyewe na kuligawa mafungu. Fedha ya tuta moja hununua mbegu, ya jingine hulipa kodi ya shamba, na matuta mengine ndiyo ada ya shule ya sekondari. Akasema hayo bila kumtazama mwanawe. Nami nilimtazama yule mwenzake wa nyuma aliyecheka. Alikuwa akiyatazama matope ya viatu vyake.

Nilimwuliza kama shamba ni lake. Akajibu, "Si langu, baba mwalimu. Nimekodi. Husikia wanasema kwamba patauzwa, patajengwa nyumba." Nikakumbuka habari ya Nabothi katika kitabu cha Wafalme. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu kwa sababu lilikuwa karibu na jumba lake, tena alitaka kulifanya bustani ya mboga. Siku hizi jambo limegeuzwa: wanaolima mboga ndio walio Nabothi, na mabonde yao hutamaniwa kwa majumba. Wenye mamlaka na wenye fedha walio Wakristo wafikiri juu ya neno hilo, maana mji ukijengwa mpaka ukingo wa maji, wakati wa mvua nyumba zitalowa, na wakati wa kipwa sufuria zitakuwa tupu.

Jikoni

Adhuhuri mama alitualika kwake, tukaketi uani. Mbabula mbili za makaa zilikuwa zikiwaka. Wasichana walijua kazi. Wavulana niliwaagiza washike mchi, nao wakatii. Kwa faida ya wasomaji, hasa vijana wanaojiandaa kuanza nyumba zao, naandika yale tuliyofundishwa.

Sombe. Chagua majani machanga, uyaoshe, uyanyaushe kwa maji ya moto, kisha uyatwange kinuni mpaka yawe laini. Kazi hii si ya mapambo. Majani ya muhogo yana sumu ya aina ya sianidi. Kutwanga huyapasua na kuifungua sumu hiyo, na kuchemsha huipeleka nje pamoja na mvuke. Kwa hiyo chemsha kwanza sufuria ikiwa wazi, kwa muda wa saa moja au zaidi, wala usiwe na haraka. Ndipo utie kitunguu, bilinganya, pilipili, samaki mkavu aliyeoshwa vizuri, na mwisho mafuta ya mawese. Samaki wetu hutoka Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele, au mbali zaidi katika ziwa Moero. Asiye na samaki atie unga wa karanga. Majani haya yana protini nyingi kuliko mizizi yake, basi mwenye kula muhogo na kuyatupa majani ametupa nusu iliyo bora.

Lengalenga. Lioshe kabla ya kulikata, si baada. Lipike kwa maji machache na kwa muda mfupi; likikaa motoni mno hupoteza rangi, ladha na vitamini. Kaanga kitunguu na nyanya kando, kisha uvichanganye. Au fanya kama Wabemba wafanyavyo, utie karanga zilizotwangwa, uache zichemke polepole mpaka mafuta yapande juu. Chakula hicho wao hukiita ifisashi, nacho humfaa hata mtoto aliyeanza kula.

Matembele. Hayahitaji mengi: kitunguu, nyanya, chumvi, mafuta kidogo. Usiyaache bila mafuta kabisa, maana vitamini A iliyo katika majani ya kijani, ilindayo macho ya watoto, huingia mwilini vema ikisindikizwa na mafuta.

Majani ya maboga. Menya nyuzi za vikonyo kwanza, kama mtu avuavyo soksi, ndipo uyakate membamba. Asiyemenya atatafuna kamba.

Ngai-ngai. Huyeyuka upesi, na ukali wake huondoa shombo ya samaki. Haitaki ndimu wala siki. Mgonjwa asiye na hamu ya kula mpe hii kidogo na bukari laini.

Vitu hivi vyote tulivila pamoja, mikono ikiwa katika sahani moja watu wanne wanne. Kitabu cha Mithali chatufundisha kwamba mboga penye upendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona penye chuki. Nami siku ile niliona ya kuwa fundisho hilo si la kuwafariji maskini tu. Ni kweli ya ulimi pia.

Neno gumu

Ningeweza kumaliza hapa, kila mtu akaenda kwake ameshiba. Lakini uani mwa mama yule niliona matuta mengine sita, mazuri, yenye lengalenga na kabichi ya Kichina. Nyumba yake iko upande wa kaskazini-magharibi wa tanuru la kale. Moyo wangu ukashtuka.

Kwa miaka mingi pepo za kusini-mashariki zilichukua moshi wa tanuru lile na kuumwaga upande huo. Miti ilikufa, mahali pengine udongo ukabaki uchi hata leo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichoanzishwa mwaka 1956, wamepima udongo na mboga za majani za mji huu, wakakuta katika baadhi ya bustani na masoko shaba, kobalti, risasi na kadmiamu kupita kiasi kifaacho kuliwa. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa pamoja na wataalamu wa Ubelgiji ulichapishwa, ukionyesha kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana madini hayo mengi miilini, na watoto hasa. Hazionekani kwa macho. Lengalenga lililokula risasi ni kijani vilevile.

Nilimwita mama kando, nikamweleza kwa upole. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Baba mwalimu, mboga za dembo ni kubwa, ndizo ninazouza. Hizi za uani ndizo tunazokula sisi."

Wasomaji wapenzi, nimefundisha miaka kadhaa, lakini jibu la neno hilo sikuwa nalo. Mama alikuwa amefanya kama mama wote wafanyavyo: kilicho bora amekitoa nje ili kilete ada ya mtoto, kilichobaki amekiweka mezani. Akaniuliza tena, "Nikiwalisha za dembo, nitauza nini?"

Tulizungumza mpaka jua likaelekea kuzama. Nilimwambia yale ninayoyajua. Kuosha majani kwa maji safi mara mbili tatu huondoa vumbi lililo juu, na vumbi ni sehemu kubwa ya ubaya. Lakini hakuondoi kilichoingia ndani kwa mizizi. Mboga za majani hukusanya madini kuliko mboga za matunda, kama nyanya na bamia. Chokaa na mboji hupunguza madini yanayonyonywa na mmea. Na lililo bora ni kuuacha udongo ule, na kupanda katika magunia au matuta ya juu yaliyojazwa udongo mwema kutoka mbali. Watoto nao wanawe mikono kabla ya kula, wasichezee vumbi la uani kisha wakatia vidole mdomoni.

Mama akahesabu kwa vidole, akasema, "Matuta manne ya dembo yatakuwa ya nyumbani. Ada itachelewa." Mwanawe aliyekuwa akiosha sahani alisikia yote.

Magunia kumi na mawili

Jumatatu iliyofuata kijana alisimama darasani bila kuitwa. Aliwaeleza wenzake habari ya udongo wa uani kwao, wala hakuficha kitu. Kisha akaketi. Yule mwenzake wa nyuma, aliyecheka kwanza, ndiye aliyeuliza, "Magunia mangapi yanatosha?"

Jumamosi hiyo tulirudi dembo. Hatukwenda kuangalia. Tulichimba udongo mwema kwa ruhusa ya mama, mbali na kisima chake, tukajaza magunia kumi na mawili, tukayasukuma kwa baiskeli tatu mpaka nyumbani kwao. Wasichana walipanda matembele na lengalenga ndani yake. Wanafunzi wawili wanaokaa upande uleule wa mji waliomba msaada wa namna hiyo kwao, na zamu yao ikafuata. Ada ya kijana ilichelewa mwezi mmoja, kama mama alivyosema, kisha ikalipwa.

Katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Papa Fransisko alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Katika uani ule nilivisikia vyote viwili kwa sauti ya mama mmoja. Hatuwezi sisi wenye jembe na ndoo kuusafisha mji mzima. Hilo ni deni la waliopata faida ya shaba, na tusiache kulidai kwa haki na amani. Lakini sahani ya mtoto haiwezi kungoja deni lilipwe.

Basi, wazazi, ulizeni mboga yenu imeota wapi, muioshe vizuri, muipike kwa utaratibu, na mtoto asile kilichobaki baada ya soko. Nanyi vijana, mkimwona mama alfajiri amebeba robota la majani kichwani, mpisheni njia na kumwamkia kwa heshima. Yamkini ndiye mliyemla jana usiku pamoja na bukari.

Insha ya "Kazi ya Wazazi Wangu" niliirudisha kwa kijana yule ili aiandike upya. Safari hii ilikuwa na kurasa tatu. Ilianza hivi: mama yangu ni mkulima wa mboga.